Poda ya Mapema

Ukiwauliza watu wa Murara habari za Swedi, watakwambia kwanza kwamba ni dereva wa lori asiyesinzia usukanini, kisha watacheka. Kicheko hicho hakina ubaya. Swedi ni mtu wa kutangaza mambo kabla hayajaiva. Akiahidiwa safari ya Butembo, mtaa mzima unajua atakacholeta kabla hajawasha injini. Basi siku ya kusomwa matokeo ya shule, siku ambayo Goma yote huiita proclamation, ni nani angemzuia kutia kopo la poda kwenye mfuko wa koti?

Poda yenyewe si jambo la ajabu katika mji huu. Mtoto akifaulu, wazazi humwagia poda nyeupe kichwani na usoni, naye hurudi nyumbani hivyo hivyo bila kujifuta, ili kila anayemwona ajue pasipo kuuliza. Wapo wanaobeba kopo, wapo wanaobeba viganja vitupu na kuomba kwa jirani. Swedi alikuwa amenunua kopo kubwa.

Ua wa shule ulijaa pomoni. Wanafunzi wa mwaka wa nane walisimama mistari mbele, shati jeupe na sketi au suruali ya bluu, na wazazi walisimama nyuma ya kamba. Sumaya, binti mkubwa wa Swedi, alikuwa mstari wa katikati. Macho yake yalikuwa chini kwenye kokoto nyeusi za volkano, kama mtu aliyepoteza sindano. Swedi aliona hiyo ni adabu. Faida, mkewe, aliona ni kitu kingine.

"Mutoto haiko sawa," Faida alinong'ona.

"Iko na haya tu. Weye umesahau vile ulikuwa siku ya ndoa yetu?"

Mkuu wa shule, ambaye wote humwita Prefe, alisoma kwa kipaza sauti. Shule ile ina desturi yake: majina husomwa kwa kufuata asilimia, kutoka juu kushuka chini, na baada ya asilimia ndipo hutajwa masomo ambayo mwanafunzi ameanguka, kama yapo. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote hawakuwa na anguko. Kila asilimia iliposomwa, vigelegele vilipigwa na poda ikaruka. Watu walikwisha kuzoea mwendo huo, na Swedi alikuwa ameuzoea kuliko wote.

"Swedi Sumaya," Prefe alisoma. "Cinquante-huit pour cent."

Hamsini na nane kwa mia! Swedi hakungoja. Aliinua kamba, akapenya kati ya watoto wa watu, akafungua kopo na kumwagia binti yake poda yote, nywele, mabega, hadi kola ya shati. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele cha kumsaidia. Prefe alikuwa amevua miwani aifute, maana poda ya wengine ilikuwa imeshamfikia. Alipoirudisha puani, alimalizia mstari wake.

"Trois échecs. Seconde session."

Masomo matatu ameanguka. Hapandi darasa. Mwisho wa Agosti atarudi kufanya mtihani wa pili, na akianguka tena atarudia mwaka mzima.

Kigelegele kilikatika katikati. Swedi alibaki amesimama, kopo tupu mkononi, mbele ya shule nzima.

"Papa," Prefe alisema kwa upole, lakini kwa kipaza sauti, "tafazali murudi nyuma ya kamba."

Watu wengine walicheka, wengine waliwaza watoto wao. Sumaya alisimama mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Hakulia. Alijua machozi yangechora njia kwenye poda, na kila mtu angeyaona.

* * *

Kutoka shuleni hadi nyumbani si mbali, lakini siku hiyo njia ilirefuka. Faida alijaribu kumfuta binti yake kwa ncha ya kitenge, akaacha, kwani poda ilikuwa imeingia ndani ya misuko. Maji yakimwagika hayazoleki, na poda ni ndugu wa maji.

"Félicitations, papa Sumaya," fundi wa cherehani aliita kutoka barazani.

"Aksanti," Swedi alijibu. Angesema nini?

Mwuza makaa akasimama, akampa mkono. Aksanti. Kijana wa pikipiki akapunguza mwendo, akamwambia abiria wake kwamba yule ni mtoto wa Swedi, amepita. Aksanti, aksanti. Kila pongezi ilikuwa kofi, na Swedi alilazimika kuipokea kwa tabasamu. Nyuma yake Sumaya alitembea akipongezwa na mji mzima kwa jambo ambalo hakulifanya.

Nyumbani pilau ilikuwa imeshaiva. Wageni walikuwa wameshakaa. Kati yao alikuwepo Djibril, kaka mkubwa wa Swedi, mwenye duka la vitenge Birere. Wageni walimwona mtoto mweupe, wakasimama kushangilia, na Faida akawaambia ukweli palepale mlangoni, kwa sababu hakuwa mtu wa kubeba mzigo mara mbili. Wakaketi tena. Pilau ililiwa kwa kimya kile cha matanga, ingawa ililiwa yote.

Djibril alinawa mikono taratibu. Si mtu mbaya. Lakini ana duka lisilo na msaidizi, na ana kumbukumbu nzuri.

"Mudogo," alisema, "weye mwenyewe ulisema. Ku duka yangu, mbele ya bakliya, bale wateja bangu. Ulisema mutoto wako akianguka, utamuleta kwangu apime vitenge."

Ni kweli Swedi alikuwa amesema. Alisema zaidi ya mara moja, kwa kicheko, kama mtu anavyoapa kwa jambo ambalo ana hakika halitatokea. Sasa alitazama huku na huku, akaona macho ya wageni, na aibu ya asubuhi ikamrudia.

"Atakuja lundi," alisema, akimaanisha Jumatatu. "Nilisema, nimesema."

Sumaya, aliyekuwa akigawa maji ya kunawa, aliweka birika chini akatoka nje. Faida alikusanya sahani kwa namna ambayo Swedi aliifahamu vizuri, maana kila sahani ilitoa sauti.

* * *

Wageni walipoondoka, Faida alileta buletini ya mtoto, yenye alama zake za mwaka, akaifungua juu ya mkeka.

Buletini hiyo haikuwa ngeni. Kila kipindi cha masomo kilipokwisha, ililetwa nyumbani ili mzazi atie sahihi, kisha ikarudi shuleni. Swedi alitia sahihi kila mara, na sahihi yake ni ndefu, ina mkia. Lakini Swedi alikuwa na namna yake ya kuitazama. Macho yake yalishuka moja kwa moja hadi chini, penye asilimia, ambayo Goma huiita pursa, na nafasi, kama mtu anayeangalia bei tu. "Nafasi ya ngapi?" Ya tisa. Ya nane. "Vizuri, mama yangu," na kalamu ikatembea.

"Angalia hapa yulu," Faida alisema.

Juu kulikuwa na miduara myekundu. Algebra, mduara. Jiometria, mduara. Fizikia, mduara. Ilianza tangu mwanzo wa mwaka, ikaja tena na tena, palepale. Pembeni ya kila mmoja, chini kabisa, kulikuwa na ile sahihi yenye mkia.

"Nilikuambia kipindi ya kwanza," Faida alisema. "Ulinijibu aje? Ulinijibu pursa ni pursa."

Swedi alimwita Sumaya. Msichana aliingia, akasimama karibu na mlango. Alikuwa ameoga, lakini kando ya masikio bado palikuwa na weupe.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Papa, haukuniuliza." Alisema bila ukali, kama mtu anayejibu swali la darasani. "Ulikuwa unaniuliza paka nafasi tu. Nafasi ilikuwa muzuri."

"Na hii yote nyekundu?"

"Tulianza mwaka na pengo ya mwaka ile ingine. Ile wakati vita iliingia mu mji, masomo yakasimama. Tukarudi, wakafungua kitabu mbele, sababu programme ilikuwa imechelewa. Ile ya katikati hakuna mutu alitufundisha. Namba ziko na alama ya kutoa, mi sijuwe zinaenda wapi. Nikasoma Kifaransa, na histoire, na dini. Ile ya kukariri." Alionyesha buletini kwa kidevu. "Ile njo ilinyanyua pursa. Papa, mi sitaki duka."

Kauli hiyo ya mwisho ilimwingia Swedi kuliko zote. Hakuwa amewahi kumsikia mtoto huyu akikataa kitu. Alifunga buletini, akaifungua tena.

"Lundi haendi Birere," Faida alisema. "Lundi ni kwa mwalimu wake."

"Nitaenda mi mwenyewe," Swedi alisema haraka.

* * *

Alikwenda, lakini alikwenda kama Swedi. Kwake, kwenda kwa mwalimu kuna maana inayojulikana. Alivaa kanzu safi, akashika kuku jike mnene, akamfunga miguu na kumkumbatia chini ya kwapa hadi Majengo, anakokaa Madame Kahindo, mwalimu wa hesabu.

Madame Kahindo ni mwanamke mfupi, mwenye sauti inayosikika hadi ng'ambo ya ua. Alikuwa miongoni mwa walimu waliobaki mjini wakati wengi walipoondoka, na aliendelea kufundisha hata miezi ambayo mshahara ulipotelea njiani. Alimkaribisha mgeni kwenye baraza la mbao.

"Mukae, papa Sumaya. Na huyu mama wa manyoya?"

"Ni yenu, Madame." Swedi alimweka kuku chini. "Nilikuja juu ya mutoto. Mi najua mwalimu iko na moyo. Ile point mbili tatu za algebra, haiwezi kuwa mulima. Mutoto iko na cinquante-huit."

"Ata ku délibération, kikao yetu ya kuhesabu point, walisema vile," Madame Kahindo alijibu. "Walimu benzangu walisema, huyu mutoto iko na cinquante-huit, tumusukume. Kila mutu alikubali. Mutu mumoja tu alikatala."

"Nani?"

"Mi."

Basi ni huyu. Huyu mwanamke mfupi ndiye aliyemfanya achekwe shule nzima.

"Mutoto alikufanyia nini, Madame?"

"Hakuna kitu. Ni mutoto muzuri, njo maana." Alivuta kigoda karibu. "Papa, muko dereva, haiko vile? Munapita mulima ya Kanyabayonga."

"Kila safari."

"Kama mécanicien, fundi wa magari, akiwaambia: papa, lori yenu iko muzima cinquante-huit pour cent. Taa ziko sawa, rangi iko sawa, honi inalia muzuri sana. Paka breki tu njo hazishike. Mutashuka ile mulima?"

Swedi aliuona ule mteremko mbele yake, kona zake na bonde chini, na magari ambayo hayakurudi. Alijikuta anacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Hapana, Madame."

"Na mi nilikuwa niko mécanicien. Ningemupa zile point, mungefurahi siku moja. Septemba angekaa mu classe ya mbele, asikie batu banasema, asielewe, na haya ingemukataza kuuliza. Mwaka kesho mungesema mutoto hana kichwa. Iko na kichwa, papa. Kuna kitu kiliruka tu, na hakuna mutu alirudi kukiokota."

Swedi alimtazama kuku pale chini. Nyanya yake, mzaliwa wa Kasongo, alikuwa na neno lake: mchelea mwana kulia hulia yeye. Swedi alikuwa akilisikia tangu utoto na kuliona ni la watu wanaopenda fimbo. Leo alilielewa kwa upande mwingine.

"Mutoto mumulete kesho," Madame Kahindo aliendelea. "Kila siku saa nane batoto bale ba seconde session banakuja hapa ku baraza. Hakuna ya kulipa. Na mi niko naomba kitu moja kwenu. Akirudi, musimuulize tena nafasi. Mumuulize: leo nini haukufahamu?"

"Basi?"

"Basi. Na kuku murudi naye. Nikimupokea, mutoto akipita atajua ni kuku ilipita, haiko yeye."

Swedi alirudi Murara na kuku wake kwapani. Njiani watu walimtania, wakamwuliza kama kuku naye ameshindwa mtihani. Hakujali. Alikuwa na jambo kifuani ambalo hakuwa na jina lake mara moja, akaja kulitambua alipofika karibu na msikiti: ilikuwa shukrani, na ilikuwa imechanganyika na aibu, kama chai iliyochanganywa na tangawizi. Yule mwanamke asiye ndugu yake, asiye wa dini yake, alikuwa amemtazama mtoto wake kwa makini kuliko baba mwenyewe.

* * *

Ilibaki kazi ngumu. Swedi alikwenda Birere, kwenye duka la Djibril, mchana kweupe, wateja wakiwa wamejaa. Alichagua saa hiyo makusudi, kwa kuwa maneno aliyokuwa akienda kuyafuta aliyasema saa kama hiyo, mbele ya watu kama hao.

"Yaya," alimwita kaka yake, "Sumaya hatakuja. Nilisema vibaya. Mi sikuwa najua kitu nilikuwa nasema."

Djibril alikuwa anapima kitenge, mkono umenyooka. Hakuushusha.

"Mwanaume anasema neno moja, mudogo."

"Njo ile. Mi nilisema mengi."

Mama mmoja mteja alicheka, na wengine wakafuata. Zamani Swedi angetafuta neno la kujikomboa. Sasa aliacha wacheke hadi waliponyamaza wenyewe. Djibril akakunja kitenge, akasema atamchukua mtoto wa jirani yake. Hakusema amesamehe, lakini alimwagizia chai.

Likizo ikaendelea hadi Agosti. Kila alasiri Sumaya alishuka Majengo, na jioni alirudi na vidole vyenye chaki. Swedi akiwa hayuko safarini aliketi mlangoni akimngoja.

"Leo nini haukufahamu?"

Jioni ya kwanza Sumaya alimtazama kama mtu anayeulizwa na mgeni. Kisha akaketi, akaanza kueleza, na maelezo yalikuwa marefu, ya alama za kutoa zinazogeuka zikivushwa upande wa pili. Swedi hakuelewa hata robo. Alikaa tu, akatikisa kichwa, akauliza pale alipoona mtoto amesita. Akagundua kwamba Sumaya alipokwama katika kumwelezea baba, ndipo alipotambua mwenyewe alipokwama, akakimbilia daftari. Safarini alimpigia simu kutoka Kiwanja, kutoka Lubero, na mtandao ulipokatika alingoja lori livuke kilima ndipo ajibiwe. Utingo wake alidhani bosi ana mke wa pili.

"Unamuuliza nini huyu mutu kila siku?"

"Ninamuuliza kitu hafahamu."

"Na akishafahamu yote?"

"Basi nitatafuta swali ingine," Swedi alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutabiri ni lini.

Faida aliyaona yote haya, akashukuru Mungu kimya kimya, kwa kuwa alijua akimsifu mumewe kwa sauti, mtaa mzima ungesikia kabla ya magharibi.

* * *

Matokeo ya seconde session hayana sherehe. Hakuna kamba, hakuna kipaza sauti. Karatasi hubandikwa kwenye mlango wa ofisi, na wenye kuhusika huja mmoja mmoja, wakitembea pembeni.

Swedi na Sumaya walikwenda pamoja. Hakumwambia mtu. Fundi wa cherehani aliwauliza wanakwenda wapi asubuhi ile, na Swedi akasema wanakwenda kutembea tu, jibu ambalo lilimshangaza fundi kiasi cha kukosea mshono.

Walisoma karatasi kwa vidole. Algebra, sita kwa kumi. Fizikia, tano. Jiometria, nne. Kidole cha Swedi kikabaki hapo. Nne haifiki nusu. Lakini mwishoni mwa mstari palikuwa na neno moja, na Sumaya alilisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena polepole: amepanda.

Madame Kahindo alitoka ofisini akiwa na rundo la karatasi mikononi. Aliwaona, hakutabasamu mara moja.

"Jiometria bado," alimwambia Sumaya. "Somo moja inaruhusiwa, njo umepita. Lakini sikukupa ata nusu point. Ile nne ni ya kweli, na ile sita ni ya kweli. Septemba utanitafuta juu ya jiometria."

"Ndiyo, Madame. Ni pembe za nje njo sifahamu." Sumaya alisema akiwa wima, akimtazama mwalimu usoni. "Pembe za ndani nafahamu."

Mwalimu aligeuka kwa Swedi. Hapo palikuwa mahali pa Swedi kuzungumza. Angekuwa Swedi wa zamani, shule nzima ingetoka madirishani. Alikuwa amejiandalia maneno tangu Murara, maneno mazuri yenye baraka na dua. Yote yalimtoroka. Alivua kofia yake na kuishika kifuani kwa mikono miwili.

"Madame," alisema, "aksanti kwa kumuangusha mutoto wangu."

Miaka yote ya chaki wazazi walimletea Madame Kahindo hasira na maombi na sahihi zao, na wengine walimletea mashtaka kwa Prefe. Aliweka rundo la karatasi juu ya kidirisha, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na chaki ikabaki kwenye shavu lake.

"Hiyo," alisema, "hakuna muzazi aliisha kuniambia."